Kifungu cha Kabambare Kiko Wapi?

Ifikapo tarehe 15 Septemba ya kila mwaka, Katiba inaitaka serikali iwe imekwisha kuweka mezani kwa Bunge la Kinshasa mswada wa bajeti ya mwaka unaofuata. Hapo maneno huanza. Walio madarakani hutangaza kwamba bajeti imekua kuliko ya mwaka jana. Wapinzani hujibu kwamba ni bajeti ya karatasi, ya kuwalisha wakubwa, na kwamba ahadi za uchaguzi zimetupwa. Redio hutuletea pande zote mbili hadi Kasongo, hadi Kabambare, hadi Wamaza na Lusangi, palipo na mawimbi. Tunasikiliza mpaka mwisho, na bado hatujui kama kusini mwa Maniema kumetajwa.

Tuanze na haki ya mpinzani. Mwanasiasa anayeipekua bajeti na kusema hadharani alichokiona ndani yake anafanya kazi halali. Ibara ya 8 ya Katiba ya 2006 inautambua upinzani wa kisiasa. Haikuuweka kama fadhila ya rais. Tunalikumbusha hili kwa sababu kwa watu wa jimbo letu kumpinga mtawala kuna bei yake. Mei 30, 2023, Salomon Idi Kalonda, mshauri wa mpinzani Moïse Katumbi na mwana wa Maniema, alikamatwa uwanja wa ndege wa N'djili na kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Novemba mwaka huo huo, kampeni ikiwa imepamba moto, kiongozi wa vijana wa Ensemble, chama cha Katumbi, aliuawa mjini Kindu, makao makuu ya jimbo. Anayesema wapinzani wetu wanapiga kelele bure ayakumbuke hayo kwanza.

Mkosoaji wa bajeti anayejulikana zaidi kutoka kwetu ni Augustin Matata Ponyo. Ni mtu wa hesabu. Alifanya kazi Benki Kuu, akaiongoza BCECO, ofisi ya serikali ya kuratibu miradi, akawa waziri wa fedha mwaka 2010, kisha waziri mkuu kuanzia 2012 hadi 2016. Alijitenga na kambi ya Joseph Kabila, akaanzisha chama cha LGD mwaka 2022, akatangaza kuwania urais, akajitoa Novemba 2023 na kumuunga mkono Katumbi, na Desemba akachaguliwa mbunge wa Kindu. Lawama yake kwa serikali ya Félix Tshisekedi haijabadilika sana miaka yote hiyo: fedha zinatumika vibaya, taasisi zinajilisha zenyewe, mwananchi haoni kitu.

Mei 20, 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu miaka 10 ya kazi ngumu kwa fedha za Bukanga-Lonzo, ule mradi wa shamba kubwa la serikali ulioanzishwa 2014 akiwa waziri mkuu. Wafuasi wake wanasema ni siasa. Serikali inasema ni haki imetendeka. Tangu siku hiyo, ukitaja hoja yake yoyote juu ya bajeti, unajibiwa kwa jina la Bukanga-Lonzo, na mazungumzo yanaishia hapo.

Sisi hatukubali yaishie hapo. Hata kama kila neno la hukumu ile ni la kweli, swali la fedha za serikali zinakokwenda linabaki pale pale, na hujibiwa kwa hesabu. Na hata kama hukumu yote ni ya kisiasa, yeye naye bado anadaiwa.

Anadaiwa hivi. Ibara ya 175 ya Katiba inasema majimbo yapate asilimia 40 ya mapato ya taifa, tena zikatwe pale pale zinapokusanywa, zisisubiri huruma ya mtu. Ibara ya 181 ikaongeza mfuko wa usawazishaji, Caisse nationale de péréquation, upewe asilimia 10 kwa ajili ya kuyainua majimbo yaliyoachwa nyuma. Sheria ya kuuendesha mfuko huo ilikuja 2016, miaka 10 baada ya Katiba yenyewe. Serikali ya Gizenga haikuitekeleza ile asilimia 40. Ya Muzito haikuitekeleza. Ya Matata haikuitekeleza. Badibanga, Tshibala, Ilunga Ilunkamba na Sama Lukonde walipita, na Judith Suminwa, aliyeshika usukani 2024, ameukuta mchezo ule ule. Kinachofika Kindu ni ile wanayoiita retrosesioni, pesa inayotumwa Kinshasa inapotaka na kwa kiasi inachotaka. Kutoka Kindu hadi Kasongo hupungua tena, na hadi Kabambare hugeuka habari.

Kwa hiyo mpinzani aliyekalia kiti cha waziri mkuu kwa miaka 4 akituambia leo kwamba Kinshasa inameza kila kitu, tutampigia makofi. Kisha tutamuuliza: wewe ulitukatia ngapi?

Tuingie kwenye tarakimu zenyewe. Bajeti ya 2025 ilipitishwa ikiwa takribani dola bilioni 18. Ilitangazwa kwa fahari, na kweli ni mara kadhaa ya bajeti za zamani. Lakini sisi Wakongomani tumepita milioni 100. Gawa: ni dola 180 kwa kichwa kwa mwaka mzima, nusu dola kwa siku, na hapo ni kama kila faranga iliyoandikwa ingekusanywa. Ndani ya nusu dola hiyo kuna jeshi, mishahara, madeni, ofisi ya rais, mabaraza mawili ya Bunge, mawaziri na wasaidizi wao. Nchi yenye bajeti ya namna hii haina pesa ya kuchezea, na ndiyo sababu mkosoaji anahitajika.

Tena, kuandikwa kwenye bajeti si kulipwa. Matumizi ya serikali yetu hupita hatua nne: kwanza yanaombwa na kuidhinishwa, pili deni linahakikiwa, tatu amri ya malipo inatolewa, nne pesa inatoka. Kituo cha afya cha Kabambare kinaweza kupita hatua tatu za kwanza, kikatajwa kwenye ripoti, kikapigiwa makofi Bungeni, na kikafia kwenye ya nne. Wakati huo huo kuna njia ya mkato, utaratibu wa dharura, ambapo pesa hutoka kwanza na karatasi hufuata baadaye. Shirika la Fedha la Kimataifa limekuwa likiitaka serikali ipunguze njia hiyo. Njia ya dharura humfaa aliye karibu na kasha. Sisi tuko mbali na kasha.

Watatuambia kuna vita. Ni kweli. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na askari anayelinda nchi lazima alipwe, ale, apate risasi. Hatumlaumu waziri wa bajeti kwa hilo. Tunachokataa ni vita kugeuzwa jibu la kila swali, hata la yaliyoahidiwa na kucheleweshwa kabla Goma haijaanguka.

Maana ahadi zilikuwepo, na zilikuwa na tarakimu. Programu ya maendeleo ya wilaya 145, iliyoanza 2022 kwa makadirio ya dola zaidi ya bilioni 1.6, ilipangiwa shule 1,210, vituo vya afya 788, na jengo la utawala katika kila wilaya. Kisha barabara za kutolea mazao, maji na umeme. Kazi iligawanywa kati ya taasisi tatu: PNUD, CFEF na ile ile BCECO. Maniema ina wilaya 7, Kasongo na Kabambare zikiwemo. Programu ilichelewa. Wapinzani huikebehi yote kwa jumla, serikali huitetea yote kwa jumla, na jumla ni mahali pazuri pa kujificha. Tunataka orodha ya Kasongo: shule hii, kijiji hiki, mkandarasi huyu, kalipwa kiasi hiki, kafikia hapa. Tunataka ya Kabambare vilevile. Karatasi mbili tu.

Kwenye kampeni ya 2023 Tshisekedi aliahidi nafasi za kazi milioni 6.4 katika miaka mitano, kuulinda uwezo wa mwananchi wa kununua, na huduma za msingi kwa wote. Mahakama ya Katiba ilimthibitisha mshindi kwa zaidi ya asilimia 73. Mtu aliyeshinda kwa kiasi hicho hana wa kumsingizia.

Haki ni haki, kuna ahadi iliyotimizwa. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoandikwa kwenye ibara ya 43 ya Katiba na kupuuzwa kwa miaka 13, ilianza kweli Septemba 2019. Watoto waliokuwa nyumbani kwa kukosa pesa ya shule waliingia darasani, wasichana wakiwemo. Mpinzani asiyekiri hilo anajipunguzia uzito mwenyewe, kwa sababu mama wa Kasongo anajua alichoacha kulipa. Udhaifu ulio ndani yake ndio wa kuukosoa: madarasa yalijaa kuliko madawati, na bado kuna walimu wanaofundisha huku majina yao hayamo kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Mwalimu asiye kwenye orodha hulipwa na mzazi, na mzazi akilipa, elimu si bure tena. Hilo linatibiwa na kifungu cha bajeti, na kifungu kina tarakimu: jina la shule, namba ya mwalimu, faranga kwa mwezi. Mbunge wa upinzani akisimama na orodha ya walimu wa Kasongo wasiolipwa, waziri hatakuwa na pa kukimbilia. Akisimama na neno "maskandali" tu, waziri atatabasamu na kukaa.

Afya ina historia ya kutuuma zaidi. Katika miaka ya 1970 Kasongo ilikuwa mahali ambapo waganga wa ulimwengu walikuja kujifunza. Kwa kushirikiana na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, mji huu na vijiji vyake ulionyesha jinsi hospitali moja na vituo vidogo vinavyoizunguka vinaweza kuhudumia watu wa eneo zima kwa gharama ndogo, na matokeo ya Mradi wa Kasongo yalichapishwa na kusomwa nchi za mbali. Zone za afya ambazo Kongo nzima inazitumia leo zina deni kwa kazi ile. Sasa hesabu zone za kwetu: Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi, Salamabila. Kama ilivyo kwingi nchini, kinachoziendesha ni mfuko wa mgonjwa na mkono wa wafadhili. Serikali huja ya tatu. Tulioufundisha ulimwengu tunaomba dripu.

Barabara hatutaiongelea kirefu, kila msomaji ana yake ya kusimulia. Kasongo hadi Kindu ni zaidi ya kilomita 200 za udongo. Mpunga na mawese yetu hutoka kwa pikipiki na kwa vijana wanaosukuma baiskeli, na kila gunia hulipia matope kabla ya kufika sokoni. Reli ya SNCC hupita ng'ambo ya Lualaba, upande wa Kibombo, treni inapopita. Tangu 2008 kuna FONER, mfuko wa kutunza barabara unaokatwa kwenye kila lita ya mafuta. Mwenye pikipiki wa Kasongo huulipia kila anapojaza tangi. Halafu Jumamosi anaitwa salongo, kazi ya pamoja ya lazima, na jembe lake mwenyewe, kuziba shimo ambalo alikwisha kulipia. Tunataka kujua FONER imeipa Maniema kiasi gani, na ni kilomita zipi zilizofanyiwa kazi.

Sasa dhahabu, ambapo Kabambare haiwezi kuitwa maskini. Mgodi wa Namoya, karibu na Salamabila, ulianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016 chini ya kampuni ya Banro ya Kanada. Ulisimama Septemba 2019 baada ya mashambulizi na utekaji nyara, kundi la Mai-Mai Malaika likiwa limeuzunguka na kudai, pamoja na mengine, manufaa kwa wenyeji. Baadaye ukauzwa. Hatutetei bunduki, waliobeba gharama ya bunduki zile ni wanawake na watoto wa Salamabila. Lakini yeyote anayetaka kujua kwa nini vijana waliisikiliza Malaika, aanze kwa kuangalia mgodi uliacha nini pale.

Sheria ya madini ya Machi 2018 iliweka hesabu wazi. Mrabaha wa dhahabu ni asilimia 3.5. Katika huo, serikali kuu huchukua asilimia 50, jimbo 25, sekta au sheferi yenye mgodi 15, na 10 huenda kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Chukua dhahabu ya dola milioni 1: mrabaha ni dola 35,000, na sekta inapata dola 5,250. Si nyingi, lakini zinatosha kuezeka shule, na sheria inataka zilipwe moja kwa moja kwa sekta bila kupitia Kinshasa wala Kindu. Juu yake kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji. Yote haya ni kwa dhahabu iliyoandikwa. Ile inayochimbwa kwa mikono na kuondoka ndani ya mfuko wa shati hailipi chochote, na ndani ya bajeti haipo kabisa.

Hapa kuna jambo ambalo wapinzani wetu hawaligusi, na tunadhani tunajua sababu. Wilaya, kisheria, si chombo kinachojitawala. Vinavyojitawala ni mji, komini, sekta na sheferi. Pesa ya dhahabu inashukia kwenye sekta. Na sekta hazijawahi kuchagua mabaraza yao tangu Katiba ya 2006 ianze kutumika. Uchaguzi wa madiwani wa Desemba 2023 ulifanyika kwenye baadhi ya komini tu, na sekta zetu za vijijini zikaachwa. Kwa hiyo anayepokea zile dola 5,250 hana baraza la kumuuliza amezitumiaje. Chama kikubwa cha upinzani kinachopigania urais hakioni faida ya kupigania udiwani wa Salamabila. Sisi tunaiona.

Msomaji anaweza kudhani shida yetu ni kukosa watu wakubwa. La. Tulikuwa na waziri mkuu, Matata. Tulikuwa na Emmanuel Ramazani Shadary, mzaliwa wa Kasongo, naibu waziri mkuu wa mambo ya ndani na kisha mgombea urais wa kambi ya Kabila katika uchaguzi wa Desemba 30, 2018. Tulikuwa na Alexis Thambwe Mwamba, waziri wa miaka mingi, rais wa Seneti kuanzia 2019 hadi 2021. Majimbo machache yamekaa karibu na mamlaka kama Maniema ilivyokaa. Wakati huo wote Kabambare ilikuwa palepale ilipo. Ukiwauliza wafuasi wao, utaambiwa mwana wa kwetu alikuwa na nia njema lakini mkubwa wake hakumruhusu. Leo wafuasi wa serikali nao husema rais ana nia njema lakini wanaomzunguka wanamwangusha. Nia njema imepita kwetu mara nyingi, na haijaacha daraja.

Ndiyo maana tunawaomba wasomaji wabadilishe swali. Mwanasiasa akija, awe wa UDPS, chama cha rais, au wa upinzani, asiulizwe yuko upande gani wala bajeti ya nchi ni dola bilioni ngapi. Aulizwe kifungu kipi kina jina la Kasongo au Kabambare, kiliandikiwa faranga ngapi, na zilizotoka ni ngapi. Majibu yanapatikana: Wizara ya Bajeti hutoa taarifa za ufuatiliaji zinazoitwa ESB, zinazoonyesha kilichopangwa na kilicholipwa, na Mahakama ya Hesabu inatakiwa kutoa ripoti yake kila mwaka. Ni karatasi za Kifaransa kigumu, zimejaa safu za tarakimu, na hakuna mtu wa sokoni aliyewahi kuonyeshwa hata moja. Mbunge analipwa kuzisoma kwa niaba yetu. Kama haridhiki, ibara ya 138 inampa maswali ya mdomo na ya maandishi, kumhoji waziri mbele ya Bunge, na tume ya uchunguzi. Kupiga kelele redioni hakumo kwenye ibara hiyo.

Kikao cha bajeti hufungwa Desemba 15, na waheshimiwa hurudi majimboni kwa mapumziko. Wabunge wa Kasongo na wa Kabambare, wa serikali na wa upinzani, njooni na taarifa za ESB mkononi. Zisomeni kwa Kiswahili, hadharani, sokoni Kasongo siku moja na Kabambare siku nyingine, kifungu kwa kifungu, pamoja na vile vyenye sifuri. Wazee wa mitaa, mapadri, masheikh na viongozi wa vyama vya akina mama, nyinyi ndio mnaoandaa mikutano hiyo: atakayefika bila karatasi, msimpe kipaza sauti.